Nyimbo Saba za Shangazi na Simu Iliyojaa

Saint Paul, Jumapili mchana

Kaka yangu Elibariki,

Shikamoo. Mguu wa wifi umepona? Sisi huku hatujambo, theluji inayeyuka na barabara zote ni tope. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekufokea, na wewe ni mkubwa wangu.

Kaka, zile faili. Nyimbo saba za Shangazi Naetwe, ulizomrekodi kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo. Uliniambia, "Zitunze, kompyuta yangu inakaribia kufa," na siku ya tatu ikafa kweli. Ila hukunionya kwamba ni nzito namna ile. Umerekodi bila kubana faili ili hata pumzi yake isikike. Sawa, lakini simu yangu si studio. Ilijaa mpaka ikagoma kupokea ujumbe wa zamu. Nikachelewa kazini Woodbury, msimamizi akaniuliza mbele ya wenzangu kama kazi bado naitaka.

Basi wakati wa mapumziko nikapakua programu ya bure ya kugeuza faili ziwe MP3. Kila wimbo mmoja, matangazo mawili ya dawa za kupunguza unene. Nikageuza zote saba, nikasikiliza mwanzo wa kila wimbo, nikaridhika, nikafuta zile kubwa. Nimefika nyumbani, nimeketi nimsikilize Shangazi, wimbo ukakatika katikati ya neno. Wa pili vilevile. Kumbe programu ile inageuza dakika moja tu, ukitaka wimbo mzima ulipie. Wameandika chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani.

Nililia, kaka. Shangazi amebaki na mnong'ono tu, na ile sauti yake nimeifuta mimi.

Kesho yake nikamweleza Mama Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi. Akanyoosha mkono.

"Leta telefone. Uliangaliaka mu poubelle?"

Miaka yote hii sikujua kwamba simu ina pipa la taka. Tukalifungua, nyimbo sita zimo. Wa saba, ule anaoimba peke yake bila wenzake, ndio nilioanza kuufuta. Simu iliniuliza kama niufute moja kwa moja, nikabonyeza ndiyo bila kusoma, maana nilikuwa nimeshachoka kuulizwa maswali na simu. Zile sita nilizifuta kwa mkupuo, zikaangukia pipani.

Jana nikampigia Shangazi mwenyewe, nikamweleza yote. Akauliza kwa hiyo sauti yake ya sasa, "Hiyo dakika moja iliyobaki, nimeanza vizuri?"

"Umeanza vizuri, Shangazi."

"Basi. Na Elibariki asikugombeze."

Kwa hiyo usinigombeze. Hizo sita nimezihamishia kwenye diski, nzito vilevile, na sizigusi tena. Ila na wewe, kaka, mtu mzima anawekaje sauti ya shangazi yake kwenye kompyuta moja mbovu, halafu anamtupia dada yake mzigo wote bila hata kumwelekeza? Tafuta kompyuta nyingine, nikutumie uwe nazo na wewe.

Nisalimie wifi, na mama mkubwa anayekaa na Shangazi, mwambie asimwache aongee sana. Wasalimie pia kina mama wa kwaya walioimba naye.

Mdogo wako, bado nina hasira kidogo,
Nakiete