Jiwe la Tabaka Chini ya Mashine ya Kufua

Ijumaa, saa tisa alasiri, hapa Manga. Jua lipo, ila mawingu yameanza kukusanyika.

Sasa hivi Kemunto amelala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye simenti, akachungulia chini ya mashine ya kufua. Ameguna kama mzee, ameinuka, amepangusa mikono kwenye gauni. Miaka miwili, na tayari ni fundi.

Anamwiga Fundi Ombati, aliyeondoka saa sita kurudi kwao Marani.

Tangu Jumanne mashine ilikuwa inavuja. Sakafu yetu ilimwagwa kwa mteremko, ili maji ya kupiga deki yatoke yenyewe mlangoni, kwa hivyo kila nikifua, kijito kilikuwa kinapita sebuleni hadi nje kwa kuku. Baba Kemunto aliangalia mara moja tu.

"Hii imekwisha. Tununue nyingine. Kozi yako itangoja muhula ujao."

Nilichukua tambara nikapangusa.

Niliacha shule kidato cha pili. Pesa ya kozi ya ushonaji nimeiweka kidogo kidogo tangu Kemunto azaliwe, na Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti chuoni, Nyamira mjini. Pesa hiyo ikienda kwa mashine, siendi. Na bila mashine pia siendi, maana nepi na mashati yenye utomvu wa ndizi hunimalizia siku nzima mtoni.

Basi leo fundi akalala chini na tochi yake. Mkono ukatoka mweupe.

"Nani aliweka mawe hapa?"

Ni mimi.

Kwa sababu ya ule mteremko, mashine ilikuwa inatembea ikikamua. Nikamwomba kaka yangu, ambaye huchonga vinyago, anikatie vipande viwili vya jiwe lao jeupe linalochimbwa Tabaka, niweke chini ya miguu ya mbele. Nilijiona injinia.

"Mama Kemunto, jiwe hili ni la kuchonga twiga. Hata kisu kinalikata. Wewe umelibebesha mashine inayotetemeka?"

Jiwe lilikuwa likisagika polepole, mashine ikainamia mbele, paipu ya nyuma ikavutika mpaka ikapasuka shingoni.

Na ule unga mweupe niliokuwa nikifagia kila wiki! Nilidhani ni sabuni. Nikamwambia mama mkwe, kwa adabu, lakini nilimwambia, asiwe anaimwaga. Leo alikuwa mlangoni akichambua mboga ya chinsaga, akasikia yote.

"Kumbe sabuni yangu inachimbwa Tabaka," akasema.

Fundi alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Mimi niliona haya. Nilimwomba mama msamaha. Akanisogezea mboga tuchambue pamoja.

Fundi alifunga paipu nyingine, akaweka mbao ngumu na mpira wa tairi mahali pa mawe yangu. Lakini hakuniahidi kitu.

"Mota ni nzima. Beringi ndiyo imeanza kulia. Inaweza kukaa mwaka, inaweza kukaa mwezi. Mwenye pesa ya mpya angenunua mpya."

Pesa ya mpya ninayo. Ndiyo hiyo ya kozi.

Nikampigia baba Kemunto kule kituo cha majani chai, nikamwambia nimeamua kubaki na hii.

"Na ikikufa katikati ya muhula?"

"Nitafua kwa mikono Jumapili."

Nilisikia watu wakigombania mizani nyuma yake.

"Haya," akasema. "Hata mimi niko na mikono."

Sijui kama nimeamua vizuri. Najua tu kwamba safari hii nimeamua mwenyewe.

Sasa mashine inakamua mzigo wa mwisho. Nguo za kwanza ziko kwenye kamba, na zote lazima zikauke kabla jua halijazama, Sabato isitukute na ndoo. Nimetandika gazeti chini ya mashine. Kemunto amelipapasa, kisha amenionyesha kiganja.

Kikavu.

Beringi inalia kama mbuzi, lakini maji hakuna. Jumatatu nitavaa sketi yangu ya bluu, nitabeba daftari, na mwalimu akiniuliza jina nitasimama wima, nitamwambia naitwa—

"Mama Kemunto!" mama mkwe anaita kutoka uani. "Nguo! Mvua hiyo!"