Sehemu ya Saba ya Makokha

Jumatano, 6 Agosti. Naivasha.

Duka la tatu leo. Swali ni lile lile: "Ni ya gredi gani?" Si ya gredi yoyote, boss. Ni kitabu cha vibonzo, mtu mzima anasoma akifurahi. Mwenye duka akaniangalia kama mtu ameomba chumvi kwa duka la viatu. Halafu akanionyesha atlasi.

Maduka ya vitabu ya huku ni maduka ya shule, basi. Kama haiko kwa orodha ya mwalimu, haipo duniani.

Miguu imefura. Lakini sirudi Butere mikono mitupu. Baba ako na sehemu sita za hadithi ya Makokha, dereva wa gari la moshi anayemtafuta mkewe stesheni baada ya stesheni. Ya saba ndiyo ya mwisho, na kwetu haikufika. Presha ya macho imemaliza jicho la Baba la kulia. La kushoto, daktari amesema halina siku nyingi. Baba alifanya kazi reli maisha yake yote na hajawahi kuniomba kitu. Ameomba hii. Anataka kuiona mwenyewe, si kusimuliwa.

Alhamisi, 7 Agosti. Njoro.

Kuna duka la vibonzo kweli, karibu na chuo. Lipo! Nusura nipige vigelegele. Rafu nzima imejaa, na zote ni za Kijapani.

"Za Kenya hazitembei, sista," mwenye duka akasema.

Zitatembea aje na haujaziweka? Nimemuuliza hivyo hivyo. Akarudi kwa simu yake. Nilipofika mlangoni ndipo akakumbuka: mchoraji mwenyewe wa Makokha, Ngetich, atakuwa na meza kwa kongamano la vibonzo Nakuru, Jumamosi. Si angeanza na hiyo?

Ijumaa, 8 Agosti. Rhonda.

Niko kwa binamu yangu Jeska. Ananicheka. Mtu mzima kuzunguka bonde lote kwa sababu ya katuni!

Nimempigia Baba. Akauliza kama nimekula, habari ya kitabu hakuuliza. Anajua ningekuwa nimeipata ningesema. Mama akachukua simu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi Baba alimwaga chai kando ya kikombe. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 9 Agosti. Nakuru mjini.

Aki watu wa nchi hii na mgeni wa heshima!

Nilifika mapema. Ukumbi umejaa vijana wamevaa mabawa ya kartoni na wamebeba panga za mbao. Meza ya Ngetich ilikuwa ya kwanza kabisa, hapo mlangoni. Nikaona rundo la vitabu chini ya kitambaa. Kitambaa, kwa sababu meza zote zilifunikwa, na utepe mwekundu umepitishwa mbele yake. Hakuna kuuza, hakuna hata kufunua, mpaka mheshimiwa aje akate utepe.

Nilimweleza Ngetich habari ya Baba. Mtu mpole. Macho yake yakamtafuta MC.

"Sista, nikiuza hata moja watanitoa hapa. Ngoja tu, hakawii."

Hakawii! Saa nne MC akatangaza mheshimiwa ako Gilgil. Saa sita, ako Gilgil. Saa nane, anakaribia Gilgil. Mabawa ya vijana yakaanza kubanduka. Wengine wakaenda zao. Mama mmoja akaniambia subira huvuta heri. Nikamwambia yangu imevuta njaa.

Akaja saa kumi. Kina mama wa kikundi cha ngoma wakamchezea. Hotuba: mbolea, barabara, pombe haramu. Vibonzo hata hakutaja. Akakata utepe, akafunua meza ya kwanza, kamera nyuma yake, na akanguruma: "Nanunua zote! Wapatieni watu!"

Makofi. Watu wake wakarusha vitabu vya Ngetich kwa umati kama mahindi kwa kuku. Mimi nilikuwa mbele kabisa, bodigadi akanisukuma pembeni. Nikageuka, meza tupu. Ngetich alikuwa anapigwa picha na mheshimiwa, meno yote nje. Simlaumu. Hapana, namlaumu.

Nililia kwa choo cha ukumbi. Nimeandika, na ibaki imeandikwa.

Nilipotoka, mvua ilikuwa imepita. Wale kina mama wa kucheza walikuwa wamekaa kwa nyasi wakingoja gari lao. Mmoja wao, mwili mzuri, kicheko kikubwa, alikuwa amekalia kitu. Nikaona kona ya jalada. Nikapiga magoti.

"Mathe, naomba hicho umekalia."

Akaangalia chini, akashangaa kama ndiyo mara ya kwanza anakiona.

"Na mimi nikalie nini?"

Nikavua sweta nikampa. Jalada limejaa matope, lakini namba saba inasomeka. Ndani ni kizima.

Jumatatu, 11 Agosti. Butere.

Baba alikaa mlangoni, penye mwanga. Akakisogeza kitabu mpaka kikagusa pua. Kurasa tatu za kwanza alisoma mwenyewe, polepole. Alipofika wa nne, akanipatia kitabu.

Nikasimama nyuma yake, nikaanza kumsimulia. Sijui kusimulia picha. Nikisema Makokha anatembea, Baba anauliza anatembea vipi, amebeba nini, taa ya stesheni iko upande gani. Nikaudhika, nikameza. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Makokha amesimama kwa mlango, mkewe ako ndani anamwangalia.

"Anacheka ama analia?" Baba akauliza.

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Nikamwambia Makokha amechorwa mgongo, uso hauonekani.

Baba akafikiri.

"Kumbe hata wewe huoni," akasema. "Kaa basi, mama. Tufikirie pamoja."

Nikakaa.