Mikono Inayowasha

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Njue yumo ndani ya stoo ya nyama. Ndugu yangu, tumbo moja. Tangu aingie msituni mwaka jana kupigana na serikali sikumtia machoni. Leo alfajiri nimefungua mlango wa nyuma ili nikoke moto wa kuchemshia nduma, magimbi yangu ya kuuza — nikamkuta juu ya ngozi za mbuzi, paja limepigwa risasi. Risasi imepita, damu ndiyo haikomi. Ali, mume wangu, kasimama na kisu chake cha bucha, akasema: akae humu, nani atauliza damu kwenye bucha. Kweli. Lakini wakimpata, tumekwisha sote. Nimeuza nduma kama kawaida. Mahomugadi, askari wa kijiji wanaowasaka watu wa msituni, nao wamekula.

Jumanne, 5 Oktoba

Damu bado. Hospitali haiendeki, askari wako getini. Nimemkumbuka marehemu mama. Kwao Manyatta mtu akijikata na panga, huvunjwa bua la jani la nduma, likapondwa, maji yake yakakamuliwa kwenye kidonda. Mimi mtoto wa mjini, wa Majengo, najua kuchemsha tu. Nimemwambia Wambeti, anayeniletea nduma kutoka mtoni, kesho azilete na mabua na majani yake, asiyakate. Hakuuliza kwa nini. Kanitazama tu. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumatano, 6 Oktoba

Imekoma! Nimeponda, nimekamua, nimefunga kitambaa. Njue aliuma mkanda wa Ali asipige kelele. Jioni nikampondea nduma kwa maziwa. Kala yote. Anasema mama alimpa hivyo hivyo akiwa na homa. Tumelia kidogo.

Lakini mikono yangu, wallahi, inawasha hadi viwikoni. Sikujua utomvu mbichi una ukali huu. Majivu, ndimu, mafuta ya kondoo — wapi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Kithaka kaja, mkubwa wa mahomugadi. Kila asubuhi hula nduma zake hapa kwetu. Leo macho yote kwenye mikono yangu.

Akauliza, mama, si unachemsha na maganda? Nikasema ndiyo. Basi mbona unajikuna? Anayechemsha na maganda hawashwi.

Kila mtu Embu anajua hilo, isipokuwa mimi mjinga. Nimemjibu nilikuwa nakata majani, sisi Waislamu huyapika mboga kwa nazi. Akacheka. Majani ya nduma! Kwetu hayo ni ya kufunikia chungu. Haya, kesho mchana nitakuja kuonja.

Ali hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Njue akisimama mguu unamkataa, hata mlangoni hafiki. Nazi moja nimeipata dukani kwa Mhindi, kavu kama jiwe.

Ijumaa, 8 Oktoba

Ali hakwenda msikitini. Majani yamechemka tangu asubuhi, maana yasipoiva yatamwasha koo na uongo wangu utaishia hapo.

Kithaka kaja peke yake. Kaketi kwenye benchi mbele ya bucha, bunduki magotini. Kala, kafuta sahani kwa kidole. Nikashusha pumzi.

Halafu akapandisha suruali. Kovu refu kwenye muundi. Akasema alijikata na panga alipokuwa akichunga mbuzi, mama yake akamkamulia bua la nduma. Mikono ya mama yake iliwasha wiki nzima.

Kisha akaniomba sahani nyingine. Si ya majani. Ya nduma, iliyopondwa laini kwa maziwa, ya mgonjwa.

Nimeingia jikoni. Nimeiponda. Iko hapa mbele yangu, na mimi naandika badala ya kuipeleka. Nikimpelekea, nimekiri kwamba mgonjwa yupo. Nikikataa, atasimama aingie mwenyewe. Uso wake nimeutazama, sikusoma kitu. Ali yuko mlangoni pa stoo na kisu, na Njue ameanza kukohoa.

Kithaka anaita kutoka nje, sauti ya upole kabisa, kama mkwe.

— Mama, inapoa hiyo.