Nilivyomtafsiria Mama Mkwe Wako

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Shemeji huko mliko. Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali, nami nimeandika "hujambo?" nikaikata, nikaiandika tena, nikaikata tena, maana najua hujambo wako wa sasa ukoje, na najua mimi nimeuzidisha ubaya. Basi nitauliza hivi: unapata usingizi? Unakula? Mwili umeanza kurudisha nguvu? Shemeji naye, kuna mtu anayemuuliza hali yake, au wote wanakuuliza wewe tu? Usijibu upesi. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu uamue kama bado una mdogo wako.

Sisi huku wazima. Magoti ya Baba yanamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake haujawahi kuugua. Kaka ameihamishia karakana yake ya useremala barabarani, na sasa analalamikia vumbi badala ya kulalamikia wateja. Mama ni mzima wa mwili.

Naandika kwa sababu simu zetu hupokei. Sikulaumu hata kidogo. Mpaka juzi Mama aliamini kwamba mtandao wa huko kwenu ni mbovu, akawa anapanda juu ya kiti karibu na dirisha ili akupate vizuri. Mimi nilikuwa nimeanza kushuku jambo jingine, nikaogopa kulichimba.

Dada, mama mkwe wako alipokuja hapa mwezi uliopita, hakuna aliyekicheka kilio chako. Ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Baba na Mama hawakujua kwamba umefiwa na mtoto. Hawakujua hata kwamba ulikuwa na mimba. Aliyetakiwa kuwaambia ni mimi, na mimi nikawaambia kitu kingine kabisa.

Unajua nilivyokuwa nasifiwa humu ndani. Tangu niingie mwaka wa tatu na kuanza Kihispania cha juu, Baba ameacha kuniita jina langu, ananiita Balozi. Akija fundi wa bomba, anaambiwa nyumba hii ina Balozi. Mgonjwa aliye jirani yake kwenye benchi la hospitali, hajamaliza kutaja ugonjwa wake, keshaambiwa. Nami nilikuwa nanuna kwa nje na kunenepa kwa ndani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini wakati ule sakafu niliiona haina mwisho.

Nikueleze tunavyosoma, si kwa kujitetea, bali upate kuona upuuzi wenyewe ulivyoanza. Darasa letu ni dogo, tunaenea kwenye meza moja. Tunachambua riwaya za watu waliokufa zamani, tunaandika insha ndefu, na kwenye somo la tafsiri mimi ndiye ninayeongoza. Lakini tafsiri ile ina karatasi mbele yako, kamusi mkono wa kushoto, na chai mkono wa kulia. Mhadhiri wetu huongea polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mazungumzo ya mtihani tunayapanga wawili wawili siku moja kabla: wewe utaniuliza hivi, mimi nitajibu vile. Na kwenye mtihani wa kusikiliza tumefundishwa tusiache nafasi wazi. Ukidaka maneno mawili matatu, mengine yajaze kwa akili. Nimepata alama nyingi sana kwa kujaza.

Mama mkwe wako akaja, hana lugha nyingine ila Kihispania, mikononi ana mkoba mdogo mweusi ambao hakukubali kupokelewa. Salamu nilizimudu vizuri. Nikatafsiri huku Baba akiniangalia kama mtu anayetazama nyumba aliyojijengea mwenyewe. Akaweka simu yake mezani irekodi, eti iwe kumbukumbu. Kisha mama mkwe wako akaanza kusema alichotumwa kusema.

Dada, sikuelewa. Alisema haraka, akimeza nusu ya kila neno, sauti iko chini, na Kihispania chake hakifanani na kile cha mhadhiri hata kwa kivuli. Nilidaka "binti yenu". Nilidaka "mtoto". Nikadaka "machozi", na baadaye "maua", na jina la Mama. Alipotua, watu wote wakanigeukia.

Ningesema tu, "Sijaelewa, naomba arudie." Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu shule ya msingi. Lakini Baba alikuwa ameshaniinulia nyusi, na Kaka ameshaacha kutafuna. Nikajaza nafasi. Nikasema: "Anasema binti yenu ana mimba. Walilia kwa furaha, wakampelekea maua. Mtoto akiwa wa kike atapewa jina la Mama."

Mama akapiga vigelegele. Baba akasimama kwa magoti yale yale mabovu, akamshika mama mkwe wako mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa. Mama mkwe wako alimtazama Mama, akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akauliza kitu. Nilitambua kuwa ni swali kwa sababu ya sauti tu. Nikamwambia Mama, "Anauliza kama umefurahi." Mama akajibu, "Mwambie sana! Sana, sana!" Nikamgeukia yule mama na kumwambia kwa Kihispania safi kwamba Mama amefurahi mno. Sentensi ile haikuwa na kosa hata moja.

Akaniuliza tena, safari hii polepole, na hilo nililielewa: "Umewaambia yote?" Nikajibu, "Ndiyo, yote."

Alipangusa macho, nami nikaiambia nyumba nzima kuwa ni machozi ya furaha. Hakumaliza chai yake. Wiki ile Baba alishaifikisha habari kwa majirani. Mama akaanza kufuma kofia ya mtoto, akakupigia picha na kukutumia, pamoja na ule ujumbe wa sauti anaoimba. Ninapofikiria wewe ukiufungua ujumbe ule kitandani, baada ya mkweo kurudi na kukueleza aliyoyaona kwetu, uso wangu sijui niuweke wapi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa nikaendelea kutembea.

Sasa usikie nilivyojua. Mhadhiri alituagiza kila mtu alete sauti ya mzungumzaji wa kawaida, si mtangazaji wa redio, tuisikilize pamoja darasani. Wenzangu walileta vipande vya mahojiano. Mimi nikaona nina bahati: nina mkwe. Nikaiomba simu ya Baba, nikasikiliza salamu za mwanzo tu, zile nilizozielewa, nikaridhika. Hapo ndipo nilipofikia, Dada, kwamba kilio chako nilikipeleka darasani nikijidai nacho.

Mhadhiri alikuwa anatikisa kichwa kwa kupendezwa. Halafu akaacha kutikisa. Akaweka mkono mdomoni. Mimi bado nilikuwa natabasamu, nikidhani lafudhi imemgusa. Kisha vigelegele vya Mama vikapasuka kwenye spika, na mhadhiri akaizima na kuniuliza, "Hawa wanashangilia nini?"

Wenzangu walipotoka, alikaa nami akairudia sauti ile kipande kwa kipande, mpaka nikaelewa kila neno. Nikaelewa kwamba mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi asubuhi moja. Kwamba alikuwa wa kike na mkampa jina la Mama. Kwamba ulikuwa umeificha mimba ili utufurahishe ikishavuka hatari. Kwamba huwezi kumwambia Mama habari kama hiyo kwa simu, na ndiyo maana mama mkwe wako alisafiri, na ulimwambia asihangaike na lugha kwa sababu mdogo wako yupo, ataelewa, atawaambia taratibu. Na lile swali, Dada. Alikuwa anamuuliza Mama kama atakuja kukaa nawe kidogo.

Mhadhiri hakunigombeza. Alisema, "Mimi ndiye niliyewafundisha kujaza." Nilitamani angenigombeza.

Ijumaa nilirudi nyumbani nikawaambia. Mama alikuwa anafuma. Niliposema yote, aliweka sindano chini, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baba alibaki amekaa.

"Kwa nini hukusema hujaelewa?" akaniuliza.

"Niliona aibu, Baba."

"Aibu kwa nani?"

"Kwako."

Baadaye alivaa viatu akaenda nyumba kwa nyumba kwa majirani wote aliowapa habari. Nilimwomba niende mimi, akakataa, akasema aliyetangaza ni yeye. Aliporudi aliniita kwa jina langu, akaniomba maji ya kunywa. Ubalozi umekwisha, na nisikudanganye, sikujua kama jina langu lingeniuma hivyo.

Kuhusu chuo, ninaendelea. Ila siku hizi darasani nanyoosha mkono na kusema, "Sijaelewa, tafadhali rudia," mpaka wenzangu wananicheka kuwa nimerudi mwaka wa kwanza. Wacheke.

Dada, nisamehe. Siombi uniambie kuwa si neno, kwa sababu ni neno. Ulinipa kitu kizito kuliko vyote niwafikishie wazazi wetu, na nikakiangusha kwa sababu sikutaka kuonekana sina mikono. Ukitaka kunikasirikia mwaka mzima, una haki. Ninachokuomba ni usiwakasirikie wao. Wao walimfurahia mjukuu. Walichelewa tu kumlilia, na sasa wanamlilia.

Msalimie sana Shemeji, umwambie Kaka anampa pole na anamkumbuka. Mama Mdogo naye yupo hapa tangu jana, amekuja kukaa na Mama, anakusalimu na anakuombea. Mama mkwe wako nimemwandikia karatasi yake peke yake, nimeiweka humu humu. Sikutumia kamusi wala kumwonyesha mhadhiri. Ina makosa, lakini yote yaliyomo ni ya kweli. Mungu akufunike, akupe machozi yanayotosha, na asikuache upweke hata saa moja.

Sasa maneno ya Mama. Amekaa hapa mezani mbele yangu. Ameniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze, na kila sentensi ananitaka nimsomee nilichoandika kabla ya kusema nyingine. Haya:

"Mwanangu, mimi mama yako. Niliyempigia vigelegele sikuwa namjua. Sasa nimemjua. Namwomba radhi yeye kwanza, kisha wewe. Mkweo aliniuliza kama nitakuja, na jibu langu halikumfika. Jibu ni ndiyo. Baba yako ameshashughulikia safari. Nikifika usinipikie, usinitandikie, usinioneshe mji. Nipeleke alipolala, nikamwite kwa jina letu."

Wako akupendaye, ukijibu au usipojibu,

Mdogo wako