Feni la Kisimani

Ikungi, Singida
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Catherine,

Shikamoo dada. Nimeiweka juu kabisa kwa sababu simu zangu hupokei, na shikamoo isiyopokelewa hukaa mdomoni mpaka ikachacha. U hali gani huko Tabora? Shemeji Miraji hajambo? Na mtoto je, anakula vizuri, ameshaanza kutembea? Sisi huku tu wazima, wala usiione barua ukadhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Ni upepo tu uliotuzidi mwaka huu. Umeng'oa bati la jiko langu ukalipeleka kwa mama Eliana, na jirani yetu huyo amelifanya mlango wa banda la kuku. Kila nikimwomba ananiambia upepo haukumpa risiti.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Kukaa siwezi. Naandika mstari mmoja nainuka kutazama sufuria, nikirudi nimesahau nilitaka kusema nini. Unanijua tangu utoto, mama alikuwa akiniuliza kama nimekalia siafu. Lakini leo lazima niimalize, kwa sababu kondakta wa basi la kuja huko amekubali kuibeba na kumkabidhi shemeji mkononi. Shemeji angalau simu zangu anapokea, ananijibu kwa upole kwamba utanipigia. Hupigi.

Ninalotaka kukueleza linamhusu baba. Tafadhali usiikunje barua hapa. Najua kwamba tangu ulipoolewa bomani bila baraka zake mambo yaliharibika, na najua kilichokupata siku ile ulipokuja na mtoto ukaondoka bila hata kufika nyumbani. Ule ujumbe wako wa mwisho bado ninao kwenye simu: "Baba amenipita kama hanioni." Nitafika huko. Ila nikianzia huko hutanielewa, kwa hiyo nivumilie nianzie kisimani, kwenye Feni.

Feni huwezi kulisahau, lile gurudumu kubwa la mabati juu ya mnara wa chuma, walilotuachia wamisionari kabla hatujazaliwa. Upepo ukilizungusha linavuta maji, na linavyovuta linapiga kelele za kukwaruza meno. Shemeji alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha aliniuliza kwa siri ni mnyama gani anachinjwa kule bondeni. Sisi tuliolelewa chini ya kelele zile tulikuwa hatuzisikii tena.

Basi, mdogo wako siku hizi ni mjumbe wa kamati ya maji. Cheka, ruhusa. Feni lilikuwa limechoka. Lilitoa maji pale upepo ulipotaka, na upepo ukilala, ndoo zinapanga foleni mpaka njia kuu na wanawake wanaanza kutukanana. Tulipopata msaada wa pampu ya umeme wa jua, mimi ndiye niliyesema sana mkutanoni. Baadhi ya wazee walipinga. Walisema upepo wa Singida watu wanaufuata kutoka mbali, wanausimamishia milingoti mirefu kuupima wapate kuufanya umeme, halafu sisi tuliozaliwa nao tuutupe? Nikawajibu kwamba hata jua tumezaliwa nalo, na lenyewe haliamki na kisirani. Baba akasimama. Hakupinga pampu. Aliomba tu kwamba Feni lenyewe lisifungwe, liachwe lizunguke. Alipoulizwa kwa nini, akaanza kurudia yale yale. Nikamkatiza baba yangu mzazi mbele ya watu, nikasema kijiji hakinywi kelele. Mkutano mzima ukacheka, naye akakaa chini taratibu, akiitafuta benchi kwa mkono. Ule mkono niliuona, nikadhani ni uzee.

Akaja fundi kutoka mjini, kijana anaitwa Godfrey, na paneli zilizonunuliwa dukani kwa Tanvir. Akafunga pampu, akatuonyesha namna ya kuzifuta paneli vumbi, na kazi hiyo nikapewa mimi. Sitasema uongo, mradi ni mzuri. Jua likipanda kidogo pampu inaanza yenyewe, tangi linajaa, mabomba yanatoa, na wasichana wanawahi shule. Godfrey akalitenganisha Feni na bomba la kisima, akalifunga kwa mnyororo ili lisije likaachia kipande kikamwangukia mtu. Kukawa kimya. Dada, sikujua kijiji chetu kina kimya cha namna ile. Tulikuwa tunaongea kwa sauti za juu kama kawaida yetu, halafu tunashtuka wenyewe.

Baba akabadilika tangu siku hiyo. Alikuwa anatoka, anafika kona ya zizi, anasimama, anarudi. Kanisani akaacha kwenda, yeye mzee wa kanisa ambaye alikuwa akitugombeza tukichelewa kengele ya kwanza. Nikimuuliza anasema goti linamsumbua. Alikuwa akiniuliza kutoka ndani kama upepo unavuma, nami namjibu kwamba mabati yanapiga kelele juu ya kichwa chake, anataka nimtafsirie? Akawa mkali, hata chai haisifii. Nikajua amenuna kwa ajili ya ule mkutano, basi na mimi nikanuna. Ndivyo tulivyo nyumba hii, tunarithishana kununa kama wengine wanavyorithishana mashamba.

Sasa nainuka kidogo, narudi.

Nimerudi. Jumamosi moja mchana mama Eliana alikuja akikimbia, kilemba mkononi, akisema nikamchukue baba yangu kwani amelewa na anamvunjia alizeti. Baba! Mtu ambaye togwa ikilala haigusi! Nilikwenda mbio, hasira imenipanda hadi masikioni, nikiwaza aibu ya mzee wa kanisa na maneno yatakayosemwa kisimani. Nikamkuta katikati ya shamba, amekaa chini, kofia imepotea, jua linamchoma utosini, fimbo ameikumbatia. Nyuma yake alizeti zimelala huku na huku, ameenda na kurudi pale pale. Nilisimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa. Sikumwamkia, sikusema neno. Nilitaka anitazame usoni aone nilivyokasirika, halafu aanze yeye kujieleza.

Akageuza uso wake ukapita juu ya uso wangu, ukaendelea. Akaita upande wa pili, ambako hakukuwa na mtu, akauliza nani yupo pale, ni mtu au mbuzi.

Nikakaa chini kwenye alizeti zile zile. Nilichokikumbuka ni ujumbe wako, neno kwa neno.

Baba haoni, dada. Sisemi haoni vizuri kama wazee wengine. Haoni kabisa. Nimempeleka hospitali mjini, daktari amesema ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwamba hali hiyo si ya jana wala juzi, imeanza muda mrefu kabla ya siku ile uliyokuja. Alituficha wote. Alikuwa anatutambua kwa sauti na kwa mwendo. Nyumba yangu nilipoipaka rangi ya kijani aliisifia kwamba imependeza, na mimi mjinga nikafurahi, sikumuuliza rangi gani. Fimbo hapa kwetu kila mzee anayo, nani angeshangaa? Na njia zake zote alizipima kwa Feni. Akienda kanisani alikuwa analiweka sikio la kushoto, akirudi la kulia, na akilisikia liko mbele yake sawasawa anajua ameshalipita zizi na nyumba yake iko karibu. Siku zisizo na upepo ndizo zilizokuwa siku za goti kuuma. Halafu binti yake akasimama mkutanoni, akaliziba mdomo.

Sasa irudie siku yako. Uliniandikia kwamba mlikutana njia ya kisimani, wewe na mtoto mkononi. Ulisema shikamoo uliizuia kooni, ukamsubiri kwanza akutazame, ili uone kama hasira ya ile ndoa bado ipo. Ulisema upepo ulikuwa unataka kukuvua khanga. Upepo wa namna hiyo, Catherine, na Feni juu ya vichwa vyenu likipiga kelele zake zote! Hata kama mtoto alilia, angemsikia kwa sikio lipi? Yeye alikuwa amelitegea Feni sikio apate kufika nyumbani. Hakukupita kama hakuoni. Hakukuona.

Nilimweleza. Sikuweza kukaa nalo. Akaomba nimpeleke mahali penyewe. Akauliza ulisimama upande gani, nikakisia upande wa ua wa mnyaa, akapapasa pale chini kwa fimbo, polepole, kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kiume. Akauliza anaitwa nani. Niliona aibu, dada, kwa sababu jina la mwanao silijui. Halafu akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo kwa Kiswahili yanapungua uzito, kwamba ile hasira ilikwisha zamani, ilitangulia kuisha kabla ya macho. Akalia akiwa amesimama. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba analia, hata tulipomzika mama hakulia mbele yetu.

Kwa nini alificha? Nilimuuliza kwa ukali, najuta. Alisema aliogopa tungemkalisha kwenye kiti barazani kama mzigo uliosahauliwa na basi. Na kwa upande wako alisema neno jingine. Alitaka siku ukija uje kwa kuwa umemkumbuka, usije kwa sababu umeambiwa ni mgonjwa. Akaniapisha nisikuambie. Nikaapa, mkono juu ya Biblia yake ambayo haisomi tena. Ninachokifanya sasa hivi ni kuvunja kiapo, na yeye yuko hapo nje barazani, ananisikia ninavyoinuka na kukaa, ameshaniuliza kama nina minyoo.

Wiki hii anafanyiwa upasuaji wa jicho moja. Daktari ni mtu mpole lakini hakuahidi kitu, amesema limechelewa, watajaribu. Ninaogopa. Naogopa likishindikana na naogopa likifanikiwa, kwa sababu akifungua jicho atakutafuta, nami nitamjibu nini?

Feni nimelifungulia. Nilisimama tena mkutanoni mbele ya watu wale wale, nikawaeleza yote, nikawaomba. Safari hii hakucheka mtu. Godfrey alipopigiwa simu alishangaa, akasema halivuti tena hata tone, litazunguka bure. Nikamwambia lizunguke bure. Akaja, akakaza vyuma vilivyolegea, akataka kulipaka grisi lisikwaruze. Nikamwambia akithubutu kulipaka grisi nitampaka yeye. Kwa hiyo sasa mambo ni hivi, jua linatuvutia maji na upepo unamvuta baba. Jumapili ya leo amekwenda kanisani na kurudi mwenyewe, mimi nikimfuata kwa mbali nikijifanya naokota kuni. Mama Eliana analalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga kwa kelele. Nimemwambia arudishe kwanza bati langu.

Msalimie sana shemeji Miraji. Mwambie alikuwa na haki siku ile, kweli kelele zile ni za kuchinja mnyama. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, na uniambie jina lake, maana baba ananiuliza kila asubuhi kama nimeshalipata. Salamu zake mwenyewe sikuletei kwa kuwa hajui naandika. Zipo, lakini zinakusubiri wewe.

Njoo, dada. Njoo kabla ya upasuaji au baada, lakini njoo. Ukishuka kwenye basi nibipu tu, simu nitakuwa nimeishika mkononi. Nitapanda mnarani mimi mwenyewe nilifunge Feni kwa mnyororo, hata upepo uwe mkali namna gani, na njia yote ya kisimani itakuwa kimya. Ukimwona anakuja na fimbo yake, usimsubiri akutazame. Mwamkie.

Ni mimi mdogo wako asiyetulia,
Pendo