Papa Evode, Ford Yako, na Neno Ninalolifuta

Mwaka umezunguka, Papa Nzabonimpa, tangu Jumapili ile ya tarehe 12 Agosti 1956 ulipoturudisha kutoka misa, ukazima Ford yako mbele ya garaji, ukaanguka kando ya mlango wake. Moyo wako ulisimama kabla hatujakufikisha kitandani. Tangu siku hiyo gari halijawaka tena, na sisi wa nyumba yako tumeishi vibaya. Leo tunakuandikia wewe, Evode Sebarenzi, baba wa mwanetu Nzabonimpa, na watu wa Burungu wasikie.

Anayesema ni mimi, Drocella Nyirabahire, mke wako. Anayeandika ni Verdiane, binti yetu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Nimemwambia anisomee kila mstari anapoumaliza, maana namshuku analainisha maneno yangu. Amenuna. Anasema nimekuwa kama wewe.

Ni kweli nimekuwa kama wewe. Ulikuwa mtu mwema sana, na ulishuku kila kitu chenye miguu. Mgeni akija ulimtazama mikono kwanza, kama ina mafuta. Ulitia alama ya masizi ubavuni mwa dumu la petroli ili ujue kama limepungua. Uliweka unyasi mmoja juu ya komeo la garaji, na kila uliporudi ulichungulia kama umeanguka. Mara ngapi mbuzi wa jirani yetu Kanamugire aliuangusha, na mara ngapi ulimwendea Kanamugire na uso wa jaji! Mpaka leo akikumbuka anacheka peke yake shambani.

Mimi nami sikupona. Siku moja nilikuuliza kama unanishuku hata mimi niliyekuzalia. Ukanijibu: "Weye sikushuku, Mama Nzabonimpa. Nashuku roho yako muzuri. Muntu akikuomba kitu, utamupa." Sikujua nicheke au ninune, basi nikakupa viazi.

Gari lenyewe liliingia kwetu kwa mashaka. Mwaka wa 1947 ulichukua mtamba wetu mwekundu, ukampa mzungu mmoja mwenye shamba, ukarudi na Ford ya mwaka 1929 iliyokuwa imelala miaka mingi kibandani kwake, kuku wakitagia juu ya viti. Wanaume kumi na sita waliivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Magurudumu hayakuwa na mipira ya ndani, ukayajaza nyasi. Watu walisema umerogwa: mtu gani mwenye akili anatoa ng'ombe hai, anachukua gari lililokufa? Nami nilisema hivyo hivyo, lakini kisimani, siyo mbele yako.

Ulijenga garaji nyuma ya nyumba, kwanza kwa nyasi, baadaye kwa mabati, na humo ulikaa miaka mitatu. Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Ulimimina mafuta ya taa ndani ya silinda zake zote nne, na kila asubuhi uliegemea manivele, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, ukasukuma kwa kifua. Asubuhi moja ikasogea kidogo. Ukatuita wote tuje kuona. Hatukuona kitu chochote, ila tulipiga makofi kwa sababu ulikuwa unalia.

Wakati huo huo siagi yangu ikaanza kupungua. Verdiane anasema tusiandike hili. Andika. Nilipima siagi kwa kijiti, nikaona inapungua kila siku ya pili, nikajua kuna mwanamke. Nikakufuata mchana, pole pole, nikakukuta garajini umepiga magoti, unapaka siagi ya ng'ombe wangu kwenye ngozi ya viti ili isipasuke. Mwanamke ningempiga. Kiti ningekifanya nini?

Aliyekusaidia kazi yote hiyo alikuwa Karangwa, mdogo wako wa tumbo moja, mtu mzima mwenye mke na watoto, mtu wa maneno machache. Yeye alikata ngozi za kuziba injini isivuje. Yeye alikushikia taa. Na wakati kidole cha delko kilipopasuka kwa uzee, yeye ndiye aliyekuwa karibu yako. Mafundi wanakiita kidole: ni kipande kidogo kinachozunguka chini ya kofia ya delko, kile kikombe cha kugawia moto wa injini, na kuupeleka kwa kila bugi, yaani plagi ya silinda. Hatukupata kingine Goma wala Bukavu. Ukachonga chako kwa pembe ya ng'ombe, ukakipachika ulimi wa shaba uliotoa kwenye taa iliyovunjika. Saba viliharibika. Cha nane kiliwasha gari, wiki ya Pasaka ya mwaka 1950, na kuku wote wa Burungu wakapanda miti.

Tangu hapo ulibeba makopo ya maziwa ya jirani zetu, ulibeba wagonjwa, ulibeba maarusi na hukumkataza mtu kupanda, ila ulimkagua viatu. Mukasine, mwanamke wa hapa kijijini, alipokuwa karibu kujifungua ulimchukua kwenda hospitali Masisi, ukaendesha kwa upole mwingi mno, mtoto hakungoja. Kila jioni ulifuta vumbi hata chini ya gari, mahali asipotazama mtu.

Na kila ulipozima injini, ulitoa kidole chako cha pembe ukakificha. "Gari bila kidole iko mabati tu," ulituambia. "Mwizi aje, akute mabati." Mara kilikuwa ndani ya mkebe wa unga, mara chini ya kuku anayeatamia, mara kwenye nyasi za paa. Hukumwambia mtu. Ulikitoa mwenyewe, ulikirudisha mwenyewe.

Tulikuzika Jumatatu. Karangwa na wanaume wa ukoo walikuosha wakakuvalisha. Mimi niliona tu umependeza.

Siku ya kumaliza kilio tulifanya kama tunavyofanya sote huku: kila aliyekuwa na kitu chako alisimama akakitaja mbele ya watu. Kanamugire akasema ana shoka lako. Mwingine akasema ana kamba. Kisha Nzabonimpa, mwanao wa kwanza, akaambiwa awashe gari, ili watu wote waone kwamba ameshika mahali pako. Alizungusha manivele mpaka shati likalowa. Akafungua kofia ya delko. Kidole hakimo.

Tulitafuta kwenye unga. Tulimwinua kuku. Tulipekua paa, hata kitabu chako cha misa tulikikung'uta. Watu walikuwa wamekaa na pombe yao ya ndizi wakitutazama, na mimi aibu ikanipanda kichwani. Nani mwingine wa Burungu aliyejua kitu hicho ni nini? Nani mwingine angejua pa kukiweka? Nilisimama.

"Karangwa, leta kidole ya kaka yako."

"Mimi sina kitu yake hata moya," akasema.

Nikamwita mwizi. Nilisema mbele ya wazee na mbele ya watoto wake, na nililisema neno hilo mara tatu. Alinitazama, akatazama upande wa kaburi lako, akanyamaza. Nikawaambia watu: mnaona? Amekubali.

Wiki ile ile alihama na Vestine, mkewe, na watoto wao, wakaenda kukaa Itebero, kule Walikale msituni. Vestine alipita mbele ya mlango wangu na mzigo kichwani, hakuniaga. Nikasema tena: mnaona? Wanakimbia.

Miezi tisa nililala na kuamka na mashaka hayo. Nilishuku hata salamu za watu. Kisha mwezi wa Mei akapita msafiri kutoka Omate, upande huo huo wa msitu, akasema Karangwa anatengeneza makamyo ya mizigo kwenye barabara ya Itebero, na ana mfuko mdogo asiomfungulia mtu. Sikusubiri maelezo. Nilimchukua Nzabonimpa, tukasafiri siku tano, nyingine kwa miguu na nyingine juu ya kamyo ya mihogo, na njia nzima nilikuwa najifunza maneno nitakayomtukana.

Tulimkuta chini ya kamyo. Akatoka, akajifuta mikono. Vestine alileta maji ninawe miguu. Sikunawa. Nilisema nimekuja kutafuta.

"Tafuta, shemeji," Karangwa akasema. "Na chini ya kitanda tafuta. Na ile mufuko walikuambia, njo hii hapa."

Nikatafuta, Papa Nzabonimpa. Niliumwaga mfuko chini: tupa mbili, bisibisi, bugi kuukuu, rozari. Nilifungua sanduku lake. Nilifungua masufuria. Nilitia mkono hata katika nguo za mtoto wao mchanga, aliyezaliwa huko, aliyekuwa amelala. Vestine alimfunika tena mtoto. Mwishowe akasema: "Mama, ukimaliza kutafuta, ukule. Chakula inapoa."

Nzabonimpa alikuwa amesimama mlangoni, aibu imemjaa. Yeye ndiye aliyeuliza: "Papa mudogo, basi iko wapi?"

Karangwa akakaa chini. "Iko naye. Iko mu mufuko ya koti yake. Siku ile tulimuvalisha, niliisikia na mukono."

"Sasa juu ya nini haukuitoa?"

"Siku zote za uzima yake hakunipa ile kitu niishike. Aliitoa yeye, aliirudisha yeye. Nimunyang'anye sasa, wakati hana nguvu ya kunishika mukono?"

Mimi nikasema kwa ukali, maana ukali ulikuwa bado mdomoni: "Na siku ya kilio, mbona haukusema?"

"Ningesema, mungefanya nini?"

Nikaanza kuokota tupa zake nilizozimwaga chini.

"Nakujua, shemeji. Ungesema Karangwa anadanganya, ungetwaa jembe ukaangalie. Mungemuchimbua kaka yangu juu ya kipande ya pembe. Nikaona heri niitwe mwizi, yeye alale."

Papa Nzabonimpa, alisema kweli. Ningechimba. Ninajijua. Ningetuma watu wa majembe siku ile ile, pombe ikiwa bado mezani, na ningewasimamia mwenyewe. Nililia pale Itebero mpaka Vestine akanishika bega, na chakula kikapoa kweli.

Usiku na mchana nimefikiri kwa nini sikulikumbuka koti. Ni kwa sababu nilikujua sana. Koti la Jumapili hukulitilia hata msumari, uliogopa mafuta, uliniogopa mimi. Kwa hiyo niliapa moyoni kwamba hakimo humo. Nadhani siku ile kifua kilikuwa kimekwisha kukubana, hukuwa na nguvu ya kufika kwenye maficho yako, ukakitia mfukoni. Ungesema tu, tungeliacha gari likae njiani na kidole chake.

Nilimwomba Karangwa arudi nyumbani na watu wake. Akakataa. "Fasi wananiita mwizi siingii," akasema. "Ile neno ulilisema mbele ya watu. Ulifute mbele ya watu. Siku ya misa ya kaka nitakuja, nitasimama inje ya kanisa. Nikisikia, nitaingia. Nisiposikia, narudia Itebero siku ile ile, na hamutaniona tena."

Basi sikia, wewe uliye chini, na ninyi mlio juu. Karangwa hakuiba. Hajachukua kwako hata skurubu. Niliyesema uongo ni mimi. Sikujua kuwa ni uongo, lakini niliusema kwa nguvu zangu zote, na niliupenda. Yeyote aliyewaita watoto wake watoto wa mwizi, neno hilo alilitoa kinywani mwangu. Anirudishie mimi.

Kidole chako kaa nacho. Hakuna atakayeligusa kaburi. Nzabonimpa anatia mafuta kidogo katika silinda kila Jumamosi na kuzungusha manivele ili injini isishikane, na ngozi za viti napaka siagi mimi mwenyewe. Karangwa peke yake anajua kuchonga kingine. Sitamwomba. Gari likikaa kimya mpaka lioze, nimelipata nililolitafuta.

Ninakukosa, mume wangu. Ninakosa hata kushukiwa nawe. Wewe ulishuku mchana kutwa, jioni ukala na kila mtu uliyemshuku, na hukumfukuza mtu. Mimi nilichukua mashaka yako nikaacha huo wema, na ndiyo maana nyumba yako imepungua.

Mashaka hayajaniisha hata leo. Nashuku Karangwa hatakuja. Nashuku atakuja na asiingie. Desturi ni jina la mke kutajwa kwanza, na Verdiane alikuwa ameandika hivyo, nimemwambia afute. Katekista Édouard, wewe utakayesoma karatasi hii baada ya misa, majina haya yasome kwa sauti kubwa, na mlango wa kanisa uachwe wazi.

Wanaokukumbuka ni hawa: Karangwa, mdogo wako, ambaye si mwizi, Vestine, mkewe, na watoto wao, Nzabonimpa na Verdiane, watoto wako, Kanamugire, jirani yako, na wa mwisho kabisa mimi, Drocella, mke wako.

Maadamu tunapumua, Papa Evode, hutasahauliwa.