Mabega ya Baba

Jumamosi, Kanduyi

Kumbe baba anajua kucheza! Nilimpeleka kwenye mafunzo ya kamabeka, ile ngoma ya mabega, ili tu atoke nyumbani. Tangu tumzike mama, amekuwa akishinda kitandani, na niliogopa tungempoteza yeye pia.

Watoto na akina mama walikuwa wakijifunza. Ngoma ilipopamba moto, baba akainuka, akavua koti. "Nipisheni kidogo bana." Mabega yake yakatetemeka kama ya kijana, kichwa kimetulia tuli. Wote wakasimama kumtazama. Mimi hata kupiga makofi nilisahau.

Alirudi kuketi akihema. "Si hii ndiyo mama yako alinipendea, kule Kabuchai?"

Tangu mazishi hakuwa amemtaja. Leo alimzungumzia mpaka tukafika nyumbani.